Wapiga Ramli wa Januari: Je, Mchujo wa Kandanda ya Marekani Hutabirika?

Kila ifikapo Januari Wamarekani hugeuka kuwa taifa zima la wapiga ramli. Kinyozi hutabiri, mhubiri hutabiri, mwanasiasa hutabiri, na watangazaji wa televisheni waliovalia suti na tai hulipwa donge nono kwa kutabiri mbele ya halaiki. Jambo linalotabiriwa ni moja tu: ni timu gani itaibuka kidedea katika mechi za mchujo za NFL, ligi yao kuu ya kandanda. Na kila mwaka, bila kukosa, mamilioni ya watu huachwa vinywa wazi. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na kama kuna njia ya kutabiri iliyo bora kuliko kubahatisha.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maanake hapa kwetu ukitamka neno kandanda, mtu huwaza Gor Mahia na AFC Leopards. Kandanda ya Marekani ni binamu wa raga. (Ndiyo sababu Mkenya mwenzetu Daniel Adongo aliweza kutoka kwenye raga na kujiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013.) Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani, wamevaa helmeti na makinga ya mabega, utadhani ni mafundi wa kuchomelea vyuma. Mpira wao una umbo la yai, tena umechongoka ncha zote mbili. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira katika ukanda wa mwisho wa uwanja huitwa tachidauni, nayo ni pointi 6, na kiki ya kuongezea huleta moja zaidi. Kuupiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya milingoti ni pointi 3. Anayeendesha shughuli yote ni kwotabeki: yeye ndiye huupokea mpira, huangaza macho, kisha huurusha au kumkabidhi mwenzake akimbie nao. Kwotabeki akipata homa, mji mzima huugua.

Timu za NFL ni 32, zimegawanywa katika makundi mawili makubwa, AFC na NFC. Tangu mwaka 2021 kila timu hucheza mechi 17 za msimu, kuanzia Septemba hadi mapema Januari. Baada ya hapo timu 7 za kila kundi huingia mchujo, jumla 14. Iliyo bora kabisa katika kila kundi hupumzika raundi ya kwanza. Zilizobaki hukutana ana kwa ana, anayeshindwa hufungasha virago, na hatimaye bingwa wa AFC na bingwa wa NFC hukutana mwezi wa Februari katika fainali iitwayo Super Bowl. Ukihesabu zote ni mechi 13.

Sasa shika neno hilo: anayeshindwa hufungasha virago. Hakuna mechi ya marudiano, hakuna kwenu na kwetu. Hebu linganisha na mpira wa kikapu wa NBA, ambapo timu mbili hukutana hadi mara saba na wa kwanza kushinda mara nne ndiye asongaye mbele. Chukua timu yenye uwezo wa kumshinda mpinzani wake mara 60 katika kila mechi 100. Katika mechi moja, uwezekano wake ni hiyo hiyo asilimia 60. Katika msururu wa mechi saba, uwezekano wake hupanda hadi asilimia 71, maanake aliye bora hupata nafasi ya kusahihisha siku yake mbaya. Kandanda ya Marekani haimpi mtu nafasi hiyo. Miili haiwezi kustahimili. Wachezaji wale hugongana kama matatu, na huhitaji karibu wiki nzima kabla ya kusimama tena. Kwa hivyo msimu wote wa jasho huwekwa juu ya alasiri moja.

Tuifanye hesabu ambayo watangazaji wengi hawapendi kuifanya. Tuseme kuna timu ya kutisha, inayoongoza kundi lake, na kila mpinzani itakayekutana naye inaweza kumshinda kwa uwezekano wa asilimia 70. Hiyo ni timu nzuri sana. Imepumzika raundi ya kwanza, kwa hivyo imebakisha mechi tatu ili iwe bingwa. Zidisha 0.7 mara tatu: 0.7 × 0.7 × 0.7. Jibu ni 0.343. Naam! Timu inayopigiwa upatu na kila mtu, isiyo na mpinzani wa kuilingana, ina nafasi ya asilimia 34 tu ya kulinyakua kombe. Ukisema haitachukua, utakuwa sahihi karibu mara mbili katika kila tatu. Wala hukuhitaji kujua jina la mchezaji hata mmoja.

Ama mtu anayetaka kuotea mechi zote 13 bila kukosea, huyo shughuli yake ni pevu. Hata akiwa hodari kiasi cha kupatia asilimia 70 ya kila mechi, nafasi ya kuzipata zote ni kama moja katika mia. Vijana wa huku kwetu wanaopanga mikeka ya mechi kumi na tatu kwenye simu, ati kwa kuwa "zote ni za uhakika," wangeikalia hesabu hiyo kidogo kabla ya kutuma pesa.

Tukitaja pesa tumefika kwa watabiri wanaosikizwa kuliko wote, yaani wenye kampuni za kamari. Hao hawasemi tu nani atashinda. Husema atashinda kwa pointi ngapi. Hilo tuliite pengo. Wakisema Kansas City inapewa pengo la 7, maana yake ni kwamba anayeiwekea Kansas City pesa hulipwa tu iwapo itashinda kwa zaidi ya pointi 7. Pengo husogezwa juu na chini kadiri pesa zinavyoingia na habari zinavyotoka, hadi dakika ya kuanza mechi. Ndani yake mmekusanyika maoni ya maelfu ya watu ambao wamefungua pochi zao, na mtu aliyefungua pochi hafikirii sawa na mtu anayepiga porojo.

Mwaka 1991 mtakwimu mmoja, Hal Stern, alichapisha utafiti mfupi lakini wenye uzito. Alichukua mechi za misimu kadhaa ya miaka ya themanini, akalinganisha pengo lililotabiriwa na matokeo yaliyotokea. Aligundua kwamba kwa wastani pengo lilikuwa barabara. Halikuelemea upande wowote. Lakini mechi moja moja zilitawanyika mno: kiasi cha mechi mbili katika kila tatu huangukia ndani ya pointi 14 za utabiri, juu au chini, na ya tatu huangukia nje kabisa. Pointi 14 ni tachidauni mbili pamoja na kiki zake! Kutokana na hesabu hiyo unaweza kugeuza pengo liwe uwezekano. Timu yenye pengo la 3 hushinda kama mara 59 katika 100. Ya pengo la 7, kama mara 69. Ya pengo la 12, kama mara 81.

Tutumie kipimo hicho kuzipima "ajabu" mbili zinazosimuliwa hadi leo. Tarehe 3 Februari 2008, New England Patriots waliingia Super Bowl wakiwa wameshinda mechi 18 na kutoshindwa hata moja. New York Giants waliingia wakiwa na ushindi 10 na kushindwa 6 katika msimu, tena Desemba walikuwa wameshachapwa na hao hao Patriots 38 kwa 35. Pengo lilikuwa kama pointi 12. Katika dakika za lala salama kwotabeki wa Giants, Eli Manning, aliponyoka mikononi mwa maadui waliokwisha kumkamata jezi, akaurusha mpira juu, na David Tyree akaudaka kwa kuubana kwenye helmeti yake. Muda si muda Giants walifunga, wakashinda 17 kwa 14. Marekani nzima ikapiga mayowe kwamba haijapata kutokea. Lakini kipimo chetu kinasema nini? Asilimia 81 kwa Patriots, maana yake asilimia 19 kwa Giants. Karibu moja katika tano. Mtu akikuambia kesho kuna nafasi moja katika tano ya mvua, nayo ikanyesha, utaita muujiza?

Ya pili ni ya zamani. Januari 1969 Baltimore Colts walipigiwa upatu kwa pointi kama 18 dhidi ya New York Jets. Kwotabeki wa Jets, kijana mwenye maringo aitwaye Joe Namath, alisimama mbele ya watu mjini Miami siku chache kabla ya mechi akaahidi ushindi. Jets wakashinda 16 kwa 7. Tangu siku hiyo Namath hutajwa kama nabii. Kwa kipimo chetu nafasi yake ilikuwa kama moja katika kumi, jambo gumu kweli, lakini si la kupasua bahari.

Na kwa kila Namath yuko mwenzake asiyewekewa sanamu. Tarehe 4 Januari 2004 kwotabeki wa Seattle Seahawks, Matt Hasselbeck, alishinda kura ya sarafu kabla ya muda wa nyongeza dhidi ya Green Bay Packers, akatangaza kwenye kipaza sauti cha referi kwamba wanautaka mpira na watafunga. Uwanja mzima ulisikia. Dakika chache baadaye pasi yake ilinyakuliwa na Al Harris wa Packers, akatimka nayo hadi mwisho, mechi ikaisha 33 kwa 27. Ahadi zilikuwa mbili, za aina ile ile; iliyotimia ikaitwa unabii, nyingine ikaitwa kichekesho.

Haya basi, mtu asiye na pochi nono anawezaje kutengeneza utabiri wake? Njia moja ilizaliwa kwenye sataranji, ule mchezo ambao wanafunzi wengi huuita chesi. Arpad Elo, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, alibuni mfumo wa kumpa kila mchezaji alama. Ni kama wanabiashara wawili wenye daftari. Wakikutana, mshindi huchukua alama kutoka kwa mshindwa, na alama anazozipata huyu ndizo alizozipoteza yule. Mkubwa akimpiga mdogo, huokota senti chache tu, kwani ndilo lililotarajiwa. Mdogo akimpiga mkubwa, huondoka na fungu. Kundi la FiveThirtyEight, lililoanzishwa na Nate Silver mwaka 2008 na kufungwa mwaka 2025, lilitumia mfumo huu kwa NFL kwa miaka kadhaa. Timu ya wastani huwa na alama kama 1500. Tofauti ya alama 100 humpa aliye juu uwezekano wa asilimia 64. Tofauti ya 200 humpa asilimia 76. Timu iliyo nyumbani waliiongezea alama 65, yaani timu mbili zilizo sawa kabisa zikikutana, mwenyeji alihesabiwa kuwa na asilimia 59.

Uzuri wa Elo ni kwamba mtu aweza kuifanya kwa kalamu na kikokotoo. Ubaya wake ni kwamba haijui kitu ila matokeo. Timu ikishinda kwa kubahatika, Elo huipongeza tu.

Hapo ndipo njia ya pili inapoingia, nayo binafsi naiona kali zaidi: usitazame ushindi, tazama pointi. Bill James, mchunguzi wa besiboli, aliona kwamba jumla ya pointi ulizofunga na ulizofungwa hueleza nguvu ya timu kuliko hesabu ya ushindi. Kanuni yake ikahamishiwa kandanda kwa kutumia kipeo cha 2.37. Ukifunga pointi 400 katika msimu na kufungwa 300, chukua 400 ugawe kwa 300, jibu uliinue kwa kipeo hicho, unapata karibu 2. Maana yake ulistahili ushindi karibu mara mbili kwa kila kushindwa mara moja, yaani kama mechi 11 kati ya 17. Ikiwa umeshinda 14, jihadhari. Kuna zilizoangukia mfukoni mwako.

Mfano mzuri ni Minnesota Vikings wa msimu wa 2022. Walishinda mechi 13 na kushindwa 4. Rekodi ya kifalme! Lakini fungua daftari: walifunga pointi 424 na kufungwa 427. Yaani timu iliyoshinda mechi 13 ilifungwa pointi nyingi kuliko ilizofunga. Iliwezekanaje? Mechi zao za kukaribiana, zile za tofauti ya pointi 8 au chini, walizishinda zote 11, na walipopigwa walipigwa vibaya. Watu wa tarakimu walipaza sauti kwamba ushindi wa namna hiyo haudumu. Mashabiki wakasema timu ina roho ya chuma. Tarehe 15 Januari 2023, raundi ya kwanza tu, nyumbani kwao, Vikings walitolewa na Giants 31 kwa 24. Katika mechi ya kukaribiana.

Nisije nikaonekana kana kwamba naziabudu tarakimu, kuna mengi ambayo hazina macho ya kuyaona. Mwenyeji, mathalani. Zamani ilikuwa kama sheria kwamba uwanja wa nyumbani una thamani ya pointi 2 au 3. Mwaka 2020, viwanja vilipokuwa vitupu au karibu vitupu kwa sababu ya Korona, timu za nyumbani zilishinda mechi 127 na kushindwa 128. Kelele za mashabiki zilikuwa sehemu ya faida ile, kwani mgeni asiposikia maagizo ya kwotabeki wake hujikwaa. Wakati mwingine kelele huwa si mchezo. Januari 2011 Seattle Seahawks waliingia mchujo wakiwa wameshinda 7 na kushindwa 9, jambo la aibu kiasi kwamba watu walidai waondolewe. Walikaribisha New Orleans Saints, mabingwa watetezi. Katika robo ya mwisho Marshawn Lynch alikimbia na mpira yadi 67 akiwapangusa maadui kama vumbi, na shangwe za watazamaji zikatikisa ardhi hata vyombo vya kupimia matetemeko vikanakili. Seahawks walishinda 41 kwa 36.

Kisha kuna majeraha. Tarehe 29 Januari 2023 San Francisco 49ers walikwenda Philadelphia kupigania ubingwa wa NFC. Kwotabeki wao, Brock Purdy, alikuwa mchezaji wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka uliotangulia, nambari 262, na bado alikuwa hajashindwa tangu apewe usukani. Robo ya kwanza tu, kiwiko chake kikaumia. Aliyemrithi, Josh Johnson, naye akapigwa kichwa akatolewa. Purdy akarudishwa uwanjani na mkono usioweza kurusha. Philadelphia Eagles wakashinda 31 kwa 7. Utabiri wote uliofanywa Jumamosi ulikuwa umekufa kabla Jumapili haijakomaa, na hakuna mtabiri wa kulaumiwa.

Hali ya hewa nayo? Baridi ya Januari katika miji ya kaskazini si ile ya Limuru. Tarehe 13 Januari 2024 Miami Dolphins, watu wa ufuoni na jua, walipelekwa Kansas City kucheza katika nyuzi 20 chini ya sufuri. Walifunga pointi 7 peke yake, Chiefs 26.

Hata sarafu ina neno. Januari 2022 Chiefs hao hao na Buffalo Bills walikwenda sare ya 36 kwa 36, patashika nguo kuchanika. Chiefs walikuwa wamesawazisha baada ya kuupata mpira ikiwa imebaki sekunde 13. Sarafu ikarushwa, Chiefs wakaipata, wakasonga moja kwa moja wakafunga tachidauni, na mechi ikaisha kwa sheria ya wakati huo. Kwotabeki wa Bills, Josh Allen, hakuugusa mpira katika muda wa nyongeza. Kilio kilikuwa kikubwa hadi baadaye mwaka huo sheria ikabadilishwa, ili katika mchujo kila upande upate zamu yake.

Lakini mimi nikiulizwa nitoe mfano mmoja tu, nitatoa wa Gary Anderson. Msimu wa 1998 Minnesota Vikings walishinda mechi 15 na kupoteza 1, na walifunga pointi 556, ambayo ilikuwa rekodi ya ligi. Anderson alikuwa mpiga kiki wao. Msimu mzima hakukosa. Si kwamba alikosa chache. Hakukosa hata moja. Tarehe 17 Januari 1999 walicheza na Atlanta Falcons kuwania nafasi ya kwenda Super Bowl. Falcons hawakuwa wanyonge, walikuwa na ushindi 14 na kushindwa 2, lakini Vikings ndio waliopigiwa upatu, tena nyumbani kwao, chini ya paa. Zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, Vikings wakiongoza 27 kwa 20, Anderson aliitwa apige kiki ya karibu yadi 38. Ikiingia, ni 30 kwa 20, na kazi imekwisha. Hakuna upepo, hakuna theluji. Mpira ukapita kando ya mlingoti wa kushoto. Falcons wakasawazisha. Katika muda wa nyongeza mpiga kiki wao, Morten Andersen, akasimama mbele ya milingoti ile, umbali unaokaribia ule, wa yadi 38, akaufunga. 30 kwa 27.

Sasa niambie, mtabiri aliyesema Vikings wangeshinda alikosea wapi? Alijua timu iliyo bora. Alijua mpiga kiki aliye bora. Alichokosa ni futi chache za hewa. Huku kwetu wanasoka husema mpira unadunda. Ule wa Marekani hudunda kando.

Kwa hivyo swali si kama mtabiri alipatia mechi ya jana. Swali ni kama anaposema asilimia 70, mambo hutokea mara 70 katika 100. Mwaka 1950 mtaalamu wa hali ya hewa, Glenn Brier, alitoa kipimo cha kuwapima watabiri wa mvua, nacho chafaa hapa. Ukisema timu ina uwezekano wa 0.7 nayo ikashinda, umekosea kwa 0.3, zidisha 0.3 kwa 0.3 upate 0.09. Ikishindwa, umekosea kwa 0.7, zidisha upate 0.49. Jumlisha za mechi zote, gawa kwa idadi yake. Aliye na alama ndogo ndiye bora. Anayesema "nusu kwa nusu" kila mara hupata 0.25 daima, hata alale usingizi.

Tazama ajabu yake. Chukua watabiri wawili waliochagua timu zile zile katika mechi zote 13, wakapatia 9 na kukosa 4. Wa kwanza ni mwenye kifua: kila mechi alisema ana uhakika wa asilimia mia. Wa pili kila mechi alisema 70. Alama ya wa pili ni 0.21. Alama ya mwenye kifua ni 0.31, mbaya kuliko ya yule anayelala usingizi! Walichagua timu zile zile, bwana. Tofauti ni kinywa tu. Na bado televisheni humwita mwenye kifua, maanake nani atakaa kumtazama mtu anayesema "labda"?

Mtu ataniuliza, na pweza je? Kweli, mwaka 2010 pweza aitwaye Paul, aliyefugwa mjini Oberhausen, Ujerumani, alitabiri mechi 8 za Kombe la Dunia na akapatia zote 8. Kubahatisha mara nane mfululizo ni nafasi moja katika 256. Lakini dunia ina wanyama wengi waliowekewa vyakula viwili mbele ya kamera, na wale waliokosa mechi ya kwanza hawakuandikwa gazetini. Kwa watu ni vivyo hivyo. Anayejitangaza kwamba alipatia Super Bowl tatu mfululizo, muulize wenziwe walioanza naye wako wapi.

Hili lina uzito kuliko mzaha wa pweza. Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliiondoa sheria iliyokuwa ikizuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, na leo zaidi ya majimbo 30 yameiruhusu. Sasa kila utabiri unauzwa. Kawaida mtu huweka dola 110 ili apate faida ya dola 100, kwa hivyo asipopatia zaidi ya asilimia 52.4 ya mapengo, pesa zinakwenda. Asilimia 52.4 yaonekana ndogo, lakini kumbuka kwamba pengo ndilo lile Stern alilolikuta halielemei upande wowote, na kulipiga pengo lililo barabara ni sawa na kubashiri sarafu. Kijana anayesikia "asilimia 70" akaelewa "lazima" hupoteza karo ya muhula katika ile asilimia 30, kisha husema alidanganywa.

Mwanachama anayetaka kujaribu bila kuweka hata ndururu aandae daftari. Kabla ya kila mechi ya mchujo aandike uwezekano wake kwa wino, si kwa penseli, baadaye akokotoe alama ya Brier na kuilinganisha na 0.25. Mechi 12 za kwanza matokeo yake husomwa magazetini. Ya 13 ndiyo yenye taabu: Super Bowl huanza saa nane na nusu usiku kwa saa zetu, usiku wa kuamkia Jumatatu, na kengele ya masomo ya asubuhi haijui Elo wala Brier.